Mgahawa mdogo wa Kigiriki Njiro: mchana kula cha trei, usiku kula cha mkaa

Menyu ya mgahawa huu mdogo wa Kigiriki ulioko Njiro, Arusha, ina vyakula zaidi ya 30, lakini jikoni kuna watu wawili tu: mama kwenye oveni na baba kwenye mkaa. Binti yao na dada mmoja wanahudumia meza 8. Jiko la ukubwa huo haliwezi kutoa kila kitu kikiwa katika ubora wake kila saa, kwa hiyo wameigawa siku. Mchana ni zamu ya vyakula vya trei: musaka, pastitsio, nyanya na hoho za kujazwa wali, maharage makubwa ya oveni. Hivi hupikwa asubuhi, hutoka motoni kabla ya saa saba na huanza kuuzwa hapo. Jioni ni zamu ya mkaa: mishikaki, mbavu za kondoo, pweza, samaki, yaani vitu vinavyowekwa motoni baada ya mteja kuagiza. Menyu haielezi haya, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Anayeagiza musaka saa tatu usiku na mbavu saa sita na nusu mchana ataletewa vyote viwili, ila atakuwa ameula mgahawa huu kinyumenyume.

Tuanze na musaka, kwa sababu ndiyo inayostahili kufungiwa safari. Tabaka ni nne: viazi chini, kisha biringanya, kisha nyama ya kusaga, na juu sosi nyeupe ya maziwa. Biringanya hukatwa duara za unene wa sentimita 1, hutiwa chumvi na kuachwa nusu saa zitoe maji, hufutwa, hupakwa mafuta kwa brashi na kuokwa. Hazikaangwi, na hilo ni jambo la kushukuru. Biringanya mbichi ikitumbukizwa kwenye mafuta huyanywa yote, halafu huyatapika ndani ya trei, na mteja analetewa kipande kinachoelea. Nyama ni ya ng'ombe iliyochanganywa na kidogo ya kondoo, ikapikwa na kitunguu, nyanya na mdalasini mpaka mchuzi ukauke. Kipimo chake ni rahisi: ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia inabaki wazi, mchuzi haurudi kuifunika. Nyama yenye mchuzi ndiyo huharibu musaka nyingi za hotelini, maana mvuke wake hupanda na kuilainisha sosi ya juu kutokea chini.

Sosi hiyo hapa imepikwa kwa mkono unaojua. Kwa lita 1 ya maziwa, gramu 100 za siagi na gramu 100 za unga wa ngano ndicho kipimo kinachosimama, pamoja na viini 2 vya mayai na kungumanga ya kukuna. Viini huingia sosi ikishapoa kidogo. Vikiingia ikichemka vinaganda vipandevipande, na utaviona kama punje za njano. Unga nao lazima ukaangwe kwenye siagi dakika 2 au 3 kabla ya maziwa, la sivyo sosi inabaki na ladha ya uji mbichi. Trei nzima huokwa kwenye nyuzi 180 kwa dakika 45 hadi 50, mpaka juu pawe na madoa ya kahawia.

Sasa subira. Musaka ikitoka kwenye oveni hupumzishwa dakika 45 au hata saa nzima kabla ya kukatwa. Ikikatwa ya moto, sosi inateleza upande mmoja, nyama upande mwingine. Ikipumzika, kipande kinasimama wima kwenye sahani na tabaka zote nne unazihesabu kwa macho. Matokeo ni kwamba inakufikia ikiwa vuguvugu. Hapo ndipo linapotokea lalamiko ambalo dada wa meza anakutana nalo kila siku: «Chakula kimepoa, nipashie.» Tunaelewa. Kwetu chakula cha moto ni heshima kwa mgeni, na chakula kilichopoa kinaonekana kama kiporo. Lakini Ugiriki vyakula vya trei huliwa vuguvugu, na ladha ya mdalasini, nyanya na mafuta ya zeituni hujitokeza vizuri zaidi hapo kuliko kikiwa cha kuunguza ulimi. Ukilazimisha kiingizwe kwenye maikrowevu, mayai na unga wa ile sosi hukaza na kukamua maji, mafuta hujitenga, na kipande kilichokuwa kimesimama kinalala. Kiweke kinywani kwanza kilivyo. Ukiona bado hukipendi, omba kirudishwe kwenye oveni, si kwenye maikrowevu.

Suala la usalama linaulizwa, na ni swali halali. Chakula chenye nyama, maziwa na mayai hakipaswi kukaa mezani zaidi ya saa mbili. Hapa trei hutoka saa sita hivi, huanza kukatwa kuelekea saa saba, na saa nane inayobaki huingia kwenye friji. Usiku hupashwa kwa oveni mpaka katikati iwe moto kabisa. Kwa hiyo musaka ya usiku ni salama, ila kingo zimekauka na sosi imekaza. Ni shilingi 26,000 mchana, na ni shilingi 26,000 usiku. Kwa maoni yetu ya usiku ingepunguzwa bei, au ingeondolewa kabisa.

Pastitsio ni ndugu yake: tambi nene zenye tundu badala ya biringanya, nyama ileile, sosi ileile. Watoto wanaipenda. Kwa mtu mzima mwenye nafasi ya kuagiza kimoja, achukue musaka.

Nyanya na hoho za kujazwa zinategemea msimu kuliko chakula kingine chochote hapa. Zinataka nyanya kubwa, nyekundu, zenye nyama. Za Ngarenanyuki zikiwa katika wakati wake hakuna bora. Mvua za masika zikikolea, nyanya huwa zimejaa maji, ngozi inapasuka kwenye oveni na wali unageuka bokoboko. Mama anatumia mchele mfupi wa Moshi, siyo ule mrefu wa kunukia, na amefanya vizuri, kwa sababu mchele mfupi hunywa maji ya nyanya na kushikamana. Mchele haupikwi kabla. Unaingia mbichi, nyanya inajazwa robo tatu tu ili ubaki na nafasi ya kuvimba. Ukikuta nyanya iliyopasuka kifuniko, ilijazwa kupita kiasi.

Maharage makubwa meupe ya oveni ni chakula cha bei ndogo (shilingi 12,000) ambacho wengi wanakiruka. Usikiruke. Kuyapatia Arusha si kazi nyepesi. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu kuliko yanavyochukua Athens au Tanga. Mpishi mwenye haraka huyatia nyanya mapema ili yamalizikie kwenye mchuzi, na hapo ndipo anapoyaharibu: uchachu hukaza ganda, na hata yakikaa motoni saa tatu hayalainiki. Hapa yanalowekwa usiku kucha, yanachemshwa peke yake mpaka yabonyee kati ya vidole viwili, ndipo yanapokutana na nyanya, kitunguu, karoti na mafuta, kisha oveni saa moja. Ganda halijavuliwa, ndani ni laini kabisa. Uyale kwa mkate.

Tukija kwenye saladi ya Kigiriki, kuna mambo mawili ya kutazama: jibini na mafuta. Mengine ni kachumbari iliyokatwa vipande vikubwa, yaani nyanya, tango, kitunguu, hoho mbichi na zeituni nyeusi. Haina majani ya letasi. Ukiletewa yenye letasi mahali popote, ujue wamejaza sahani. Jibini haikatwi vidonge vidogo vya kutawanya, hulazwa kipande kimoja juu, ikanyunyizwa oregano kavu, na anayekula ndiye anayeivunja.

Feta kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, tangu 2002, ni jibini ya Ugiriki peke yake: maziwa ya kondoo angalau asilimia 70, yanayobaki ni ya mbuzi, na iwe imekaa si chini ya miezi miwili, sehemu kubwa ikiwa kwenye maji ya chumvi. Ya maziwa ya ng'ombe, hata iwe tamu namna gani, ni jibini nyeupe tu. Arusha na Kilimanjaro kuna watengenezaji wa jibini za ng'ombe nzuri, na migahawa mingi huziandika «feta» kwenye menyu bila wasiwasi. Mgahawa huu umekuwa muungwana: saladi ya jibini ya hapa ni shilingi 15,000, ya feta iliyoagizwa kutoka nje ni shilingi 24,000, na zimeandikwa mstari kwa mstari. Kuzitofautisha ni rahisi zikiwa mbele yako. Ya ng'ombe ina umanjano kwa mbali, maana maziwa ya ng'ombe hubeba rangi ya majani aliyokula. Ya kondoo na mbuzi ni nyeupe pe. Bonyeza kwa uma: feta hupasuka kwa tabaka na kuacha unyevu, ya ng'ombe hunesa kwanza. Mdomoni feta ina uchachu unaokuja baada ya chumvi. Ya hapa huja chumvi tupu, na wakati mwingine imezidi. Jibini ikikaa mno kwenye maji ya chumvi, dawa ni kuilowesha kwenye maji baridi au maziwa nusu saa kabla ya kuipeleka mezani. Jikoni hawafanyi hivyo kila mara. Kwa watu wanaokula pamoja, feta moja ya 24,000 katikati ya meza inatosha wanne. Kwa mtu mmoja, ya 15,000 ni nzuri, na mwambie anayekuhudumia mapema kwamba chumvi zaidi isitiwe.

Mafuta ya zeituni ni ghali nchini, na ndipo udanganyifu mwingi ulipo, kwa kuchanganya na alizeti. Hapa wanatumia mawili waziwazi: alizeti kwa kukaanga, zeituni kwa saladi, vikolezo na kumalizia. Hatuoni ubaya, kukaangia viazi kwa mafuta ya zeituni ya daraja la juu ni kuyapoteza. Mafuta ya saladi yanakuja kwenye chupa nyeusi, ipasavyo, kwa sababu mwanga huyachachisha. Mimina kidogo kwenye kisahani, yanuse, onja. Mazuri yananuka majani mabichi na yanawasha kidogo kooni. Yanayonuka karanga za zamani au kalamu za nta yameshaharibika. Kipimo cha kuyaweka kwenye friji uone kama yanaganda, kinachosambazwa sana mitandaoni, hakithibitishi chochote.

Tzatziki yao, yaani mtindi mzito wenye tango, ni ya kusifiwa mchana na ya kuangaliwa usiku. Mtindi wanautengeneza wenyewe kwa maziwa ya ng'ombe: yanapashwa mpaka nyuzi 85, yanapoozwa mpaka 43 au 45, yanatiwa vijiko 2 vya mtindi wa jana kwa kila lita, yanafunikwa saa 6 hadi 8. Kisha yanachujwa kwenye kitambaa ndani ya friji usiku kucha, na lita moja inabaki kama nusu. Tango linakunwa, linatiwa chumvi, linakamuliwa kwa nguvu. Kitunguu swaumu, siki kidogo, mafuta, shibiti au mnanaa, basi. Kasoro yake ni moja tu: tango lisipokamuliwa vya kutosha huendelea kutoa maji kadiri saa zinavyopita, na kufikia saa tatu usiku bakuli linakuwa na ziwa pembeni. Likija hivyo, lirudishe kwa upole. Huko nyuma kuna mtindi uliochujwa na wanalikoroga upya bila kununa.

Jua likishazama, mkaa unakuwa umetulia na zamu inahamia kwa baba.

Mishikaki ya Kigiriki, suvlaki, itamshangaza mtu aliyezoea ya kwetu. Hakuna tangawizi, hakuna papai la kulainishia, hakuna pilipili. Nyama hukatwa vipande vya sentimita 3, inakaa saa chache kwenye mafuta, oregano na chumvi, inaenda motoni. Limau huja mwisho, mezani. Wapo wanaoiloweka kwenye limau tangu asubuhi wakidhani wanailainisha. Uchachu mwingi kwa muda mrefu huifanya nyama iwe kama chaki kwa nje na kavu kwa ndani. Onja mti wa kwanza bila kitu, kisha ndipo uombe pilipili ukiihitaji. Sahani ni miti miwili, mkate bapa mmoja, viazi na kitunguu: kuku au kitimoto (nyama ya nguruwe) shilingi 18,000, kondoo 24,000. Mkate unatengenezwa hapohapo, hauna mfuko ndani, unapakwa mafuta na kupitishwa kwenye mkaa. Viazi navyo vinakatwa hapohapo na kukaangwa mara mbili, kwa moto mdogo kwanza, kisha mkali.

Kitimoto ndicho Wagiriki wenyewe wanachokula zaidi kwa suvlaki, na kipo hapa. Kwa wageni Waislamu, hili ni la kuuliza kabla ya kukaa, si baada. Kuna majiko mawili ya mkaa, na moja limetengwa kwa kitimoto. Lakini jiko si mwisho wa maswali: uliza koleo, brashi ya kupakia mafuta na ubao wa kukatia. Siku zenye wateja wengi vitu hivyo huhama mkono kwa mkono, na binti wa meza atakuambia ukweli ukimuuliza bila kumzungusha. Nyama ya kondoo na ya kuku wananunua kwa mchinjaji Mwislamu. Kuna pia mvinyo ndani ya baadhi ya vyakula bila menyu kusema, hasa mchuzi wa nyama na vitunguu vidogo, na pweza wa kwenye sufuria. Anayejihadhari na kilevi aende kwenye samaki wa mkaa na vyakula vya trei. Na kwa wala kitimoto: kiive kabisa. Minyoo ya tegu si hadithi huku kwetu, na kipande chenye wekundu katikati kinarudi motoni bila mjadala.

Mbavu za kondoo zinakatwa nyembamba, kama sentimita 1, zinapigwa moto mkali dakika 3 kila upande. Kondoo wa Monduli na Longido wana nyama yenye ladha ya kweli, lakini mara nyingi wanafika sokoni wakiwa wamekomaa, na mbavu za mnyama mkubwa kwa moto wa haraka zinatafunika kwa shida. Uliza: «Leo ni mwanakondoo?» Jibu likiwa si hivyo, hamia kwenye bega la kwenye karatasi. Hilo linaagizwa siku moja kabla: bega la kilo 2 na viazi, limau, kitunguu swaumu na oregano, vikafungwa kwenye karatasi ya kuokea na kuwekwa kwenye nyuzi 160 kwa saa 4. Mfupa unatoka wenyewe. Ni shilingi 110,000, linashibisha watu 5, na kwa kugawana ni nafuu kuliko sahani 5 za mbavu. Karatasi ifunguliwe mezani, mbele yenu. Ikifunguliwa jikoni ile harufu ya kwanza inabaki kwa wapishi.

Pweza anatoka Tanga akiwa amegandishwa, na hilo si upungufu. Barafu inakata nyuzi za misuli, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kumpigiza kwenye mawe. Anawekwa kwenye sufuria iliyofunikwa bila maji, kwa moto mdogo. Anajitolea maji mwenyewe na kuiva ndani yake kwa dakika 50 hadi 70. Chumvi haitiwi, anayo yake. Akishaiva ndipo anapopelekwa kwenye mkaa dakika chache kila upande mpaka ncha za mikono ziungue kidogo, kisha siki na mafuta. Wanaompeleka mbichi moja kwa moja kwenye mkaa ndio wanaouza raba. Bei ya shilingi 38,000 inaonekana kubwa kwa mikono miwili, lakini pweza hupoteza karibu nusu ya uzito wake akipikwa. Ni bei ya haki.

Ngisi wa kukaanga, tuseme wazi, waache. Wanakuja pete zilizokatwa tayari kutoka kwenye mfuko, unene haulingani, na ngisi ana nafasi mbili tu za kuwa laini: dakika 2 au saa nzima. Katikati ya hapo hatafuniki. Pete nyembamba zinapoiva, nene bado. Nene zikiiva, nyembamba zimeshakauka.

Msimu mzuri kabisa wa kula hapa kwa mtu asiyekula nyama ni Kwaresima ya Waorthodoksi. Kwa takriban wiki 7 familia hii haili nyama, mayai, maziwa wala samaki wenye uti wa mgongo, ila pweza, ngisi na kamba wanaruhusiwa. Menyu ya kila siku inabaki kwa wateja, lakini mkono wa mama unahamia kwenye vyakula vya mafuta na mboga: bamia na nyanya, njegere na viazi, majani ya mzabibu yaliyoviringishwa na wali na mnanaa, pai ya spinachi isiyo na jibini. Majani ya mzabibu wanayapata Dodoma yakiwa machanga na kuyahifadhi kwenye chumvi. Yakikomaa huwa na mishipa migumu inayobaki mdomoni. Angalizo la tarehe: Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Walutheri. Mwaka 2025 zilikutana tarehe 20 Aprili, lakini 2027 ya Magharibi ni tarehe 28 Machi na yao ni tarehe 2 Mei. Ukienda wiki ya Pasaka yetu ukitarajia kondoo mzima kwenye mkaa, utawakuta wangali kwenye bamia. Kondoo wa Pasaka anaagizwa wiki mbili kabla.

Pai ya spinachi ya siku za kawaida, yenye jibini, ni nzuri ikitoka asubuhi. Ikifika jioni karatasi za unga zimelegea. Spinachi isipokamuliwa huwa hivyo, na hii imekamuliwa kiasi tu.

Kitu cha kujua kuhusu kuagiza: hapa si mahali pa kila mtu na sahani yake. Sahani zinakuja kadiri zinavyoiva, bila kusubiriana, kwa kuwa zimekusudiwa kuwekwa katikati. Watu wanne waagize saladi moja kubwa, tzatziki, maharage au pai, halafu vyakula viwili vikubwa. Waongeze baadaye kama hawajashiba. Mkiagiza sahani nne tofauti za mkaa kwa mpigo, mmoja atakula huku watatu wanamtazama, na mkaa mdogo kama ule hauwezi kufanya zaidi. Mkate unaletwa bila kuulizwa na unalipiwa, shilingi 2,000 kwa kichwa. Ukiwa huutaki, sema unapoletwa.

Wagiriki wamelima kahawa na mkonge katika mikoa hii tangu enzi za Tanganyika, na wenyeji hawa ni watu wa Arusha kwa kuzaliwa. Huna haja ya kutafuta Kiingereza cha kuagizia. Wasalimie wazee shikamoo, muulize mama leo kuna nini kwenye trei, na mara nyingi utaambiwa kitu kisichoandikwa popote.

Vinywaji tunavipita haraka. Ouzo, pombe kali ya Kigiriki yenye anisi, ipo, inakuja na maji pembeni. Ukiyatia inageuka nyeupe kama maziwa kwa sababu mafuta ya mbegu za anisi hayayeyuki kwenye maji, haijaharibika. Mvinyo wa glasi uulizie chupa ilifunguliwa lini. Ikiwa ni zaidi ya siku mbili, chukua bia.

Katika vitamu, kalimati zao zilizomwagiwa asali na mdalasini ndizo za kuagiza, zinakaangwa papo hapo. Baklava wanaitia korosho mahali pa jozi, na inafaa, lakini sharubati yake nzito ya sukari imezidi mpaka tabaka za chini zimelowa. Kanuni ni kumwaga sharubati iliyopoa juu ya baklava ya moto. Vyote viwili vikiwa vya moto unga unanywa mno, na inavyoonekana ndicho kinachotokea.

Kahawa, nayo inataka maelezo. Inapikwa kwenye kibirika kidogo chenye mkono mrefu: kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha kahawa iliyosagwa laini kama unga, kwa kikombe cha mililita 60 hadi 70 za maji baridi. Sukari inaingia kabla ya moto, kwa hiyo sema mapema: bila sukari, kijiko kimoja, au viwili. Moto ni mdogo, povu linapanda, kinaondolewa kabla hakijachemka. Ikichemka povu linakufa na uchungu unabaki. Ikiletwa usiikoroge, iache dakika 2 machicha yatue, kunywa taratibu, acha robo ya chini. Ni shilingi 4,000, na buni ni ya hukuhuku Kaskazini.

Jumatatu wamefunga. Siku nyingine wanafungua saa sita mchana hadi saa nne usiku, mkaa unaacha kupokea oda saa tatu na nusu. Ijumaa na Jumamosi usiku weka nafasi kwa simu. Jumapili mchana fika kabla ya saa saba, kwa sababu watu wanatoka ibadani na trei ya musaka ina vipande 12 tu. Umeme ukikatika oveni haisimami, ni ya gesi, ila mashine ya kadi inazimika, kwa hiyo uwe na fedha taslimu au ulipe kwa lipa namba. Bei za menyu zimeshajumlisha VAT. Dai risiti ya EFD, wanaitoa bila kusukumwa. Maegesho ni ya magari matano mbele ya uzio, na mvua ikinyesha upande wa kushoto una tope; egesha kulia.